Benchi la Zablon

Riyadh, Alhamisi 26 Juni

Siku ya mia nne na kumi na mbili sijaonja pombe. Lydia, mke wangu, aliniambia niandike kila siku, hata mstari mmoja, ili nisijidanganye. Daftari alilonipa uwanja wa ndege limejaa. Hili nimelinunua leo.

Wenzangu walikuja Saudia kutafuta kazi. Mimi kazi nilikuwa nayo Kitale, dereva wa lori la maziwa. Nilikuja kwa sababu huku hakuna baa. Pombe ndiyo iliyomvunja Lydia taya, si mimi. Ndivyo alivyosema mchungaji mbele ya wazee wa kanisa, na Lydia, meno yamefungwa kwa nyaya, akaitikia kwa kichwa. Tukapatana. Nikifika Desemba sijaonja, nitaenda likizo nilale nyumbani kwangu na binti yetu Shirleen asinikimbie.

Keshokutwa tunahamia Jeddah. Shule zimefungwa, na kila kiangazi bosi wangu, Baba Talal, huipeleka familia kwenye nyumba yao ya Al-Hamra, karibu na bahari. Wao na Mirriam, mpishi, watapanda ndege. Mimi nitaenda kwa gari na mizigo.

Jumamosi 28 Juni, njiani

Kabla ya Taif, pikapu iliyokuwa mbele yangu iligonga ngamia. Ngamia aliingia kwa kioo mpaka kifuani. Dereva alikuwa Msudani, kichwa kimelala begani kama mtu aliyesinzia. Nilimshika mkono mpaka ambulensi ikaja, ingawa nilijua amekwisha. Wanaume wengine walitapika kando ya barabara. Mimi nilisimama na damu kwenye viatu nikasikia njaa. Hilo nimeona afadhali niliandike.

Jumapili 29 Juni

Jeddah. Riyadh jua linakuchoma, hapa linakuchemsha. Nimebadilisha shati mara tatu.

Jumatano 2 Julai

Nimekutana na Protus mahali pa kuosha magari. Ni Mbukusu, fundi wa zege, miaka tisa huku. Aliposikia natoka Kitale nusura anikumbatie. Amesema Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini, Wakenya hukaa pamoja kule Aziziya, nije nisikie lugha. Nikamwambia mimi si mtu wa vinywaji. Akasema hata soda ipo.

Ijumaa 4 Julai

Ni ukumbi wa arusi ambao haukumalizwa. Mwenye nyumba alisimamisha ujenzi miaka minne iliyopita akamwacha mlinzi, Zablon, Mkisii mrefu mwenye sauti ya upole. Nyuma kuna chumba cha stoo, na ndani ya stoo benchi moja refu lililopigwa misumari kwa mbao za zege, limeegemea ukuta mzima. Hakuna kiti kingine. Wanaume wanane wanakaa bega kwa bega, wanatazama ukuta wa mbele, kikombe cha plastiki kinazunguka. Kilichomo anakipika Zablon mwenyewe nyuma ya ukuta wa plaiwudi. Wanakiita sidiki, yaani rafiki.

Nilikunywa Mirinda. Kabla watu hawajakaa, Zablon alilipangusa benchi kwa kitambaa chenye maji, mwisho hadi mwisho, kama mtu anayeandaa madhabahu. Alinitazama mkononi, akaona soda, akasema, "Hapa halazimishwi mtu." Nimempenda.

Ijumaa 11 Julai

Kila mtu ana nafasi yake pale. Nafasi niliyopewa ilikuwa ya Ian, kijana wa Bungoma aliyeanguka kutoka ghorofa ya nne mwezi wa tatu. Protus ananiambia Zablon ndiye aliyezunguka ofisi kwa ofisi wiki sita mpaka mwili ukarudi kwao. Mtu akilala na homa, Zablon humpelekea uji. Yeye mwenyewe hanywi. Anakaa mwisho wa benchi karibu na mlango, na chai yake ya maziwa.

Yuko na mwanamke, Winfred, Mkamba. Alitoroka nyumba moja ya Al-Rawdah alikokuwa akifanya kazi za ndani mwaka jana na Zablon akampa pa kuishi. Analeta vikombe, harudishi salamu.

Jumanne 15 Julai

Nimempeleka madam, mke wa Baba Talal, sokoni mara mbili. Jasho. Hakuna la kuandika.

Ijumaa 18 Julai

Nimeonja. Naandika hivyo hivyo. Kikombe kilipita mbele yangu wiki ya tatu na mkono wangu ukakipokea kabla sijauambia. Vikombe viwili.

Halafu kukawa na vita. Elly, wa pale katikati, alikuta mtu amekaa nafasi yake. Ni ubao tu, na jasho la makalio ya watu, lakini Elly alimshika yule mgeni nywele akamgonga uso kwenye ukingo wa benchi mara mbili. Nilisikia pua ikivunjika, sauti kama ya biskuti. Mgeni akainuka na kipande cha bati akamkata Elly sikio, likaning'inia. Sisi wengine tuliinua miguu tusichafuke.

Zablon aliingia na nondo. Hakupiga kelele. Alimpiga Elly goti, akampiga mgeni kiwiko, pigo moja moja, kama fundi anayejua msumari ulipo. Wote wawili wakakaa chini. Akawafunga vidonda kwa shuka safi, akapangusa benchi, akasema tuendelee. Tulimsifu hadi jioni.

Ijumaa 25 Julai

Leo tulikuwa sita. Nilikuwa kikombe cha pili nilipomsikia Winfred nyuma ya plaiwudi. Hakulia. Kilichosikika ni mkono wa mtu na mwili wa mtu mwingine, na vitu vikianguka. Plaiwudi ilitikisika mgongoni mwangu kila mara.

Protus akaongeza sauti ya muziki kwenye simu. Hakuna aliyegeuka. Mmoja alianza kuzungumzia mvua za Kitale, na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu. Nilihesabu mapigo huku nikizungumzia mahindi. Kumi na moja.

Baadaye Winfred alileta barafu kwenye bakuli. Mdomo ulikuwa umepasuka na jicho moja limefungwa. Alikuwa amejipaka lipstiki juu ya kidonda. Alisimama mbele ya kila mmoja wetu, sekunde moja moja, mpaka kila mtu akachukua barafu yake.

Nilikunywa vikombe vinne.

Jumapili 27 Julai

Nimegonga nguzo ya geti nikirudisha gari nyuma. Taa ya nyuma imekwenda. Madam na watoto walikuwa ndani. Baba Talal alisema maalesh, si neno, gari ni chuma.  Mirriam alinifuata gereji, akaninusa kama anavyonusa samaki.

"Kaka Lewis, ukiua watoto wa watu, hawataandika pombe," alisema. "Wataandika jina lako."

Ijumaa 1 Agosti

Nilifika mapema ili nizungumze na Zablon peke yake. Nilitaka kumsaidia. Nilifikiri huenda anakunywa kwa siri, na nilimsogelea karibu nisikie pumzi yake. Ilinukia maziwa na tangawizi.

Nikamwambia nilisikia alivyompiga Winfred Ijumaa iliyopita. Hakukasirika. Alinieleza taratibu kwamba Winfred alijaribu kutoka bila ruhusa, na akikamatwa njiani bila ikama, kibali cha kuishi huku, atawataja wote, wanaume wanane watakwenda tarhil, jela ya wahamiaji, kisha ndege ya kurudishwa kwao. Kwa hiyo anamfunza. Nikamwuliza kama anajuta baadaye.

"Baba yangu alikuwa mlevi," alisema. "Mimi sijawahi kuonja, Lewis. Ninalolifanya, nalifanya macho makavu."

Kisha akachukua kitambaa akaanza kupangusa.

Jumatatu 4 Agosti

Sijalala siku tatu. Naandika kitu ambacho sijamwambia mchungaji.

Ile Jumamosi ya Kitale nilikuwa nimekunywa chupa mbili. Mbili haziniangushi. Niliendesha lori siku hiyo hiyo nikaliegesha bila kukwaruza. Lydia alisema jambo dogo kuhusu dada yangu, mbele ya Shirleen, na nikaona nina muda wa kutosha wa kuweka kikombe cha chai mezani kisimwagike. Nikakiweka. Nikapiga. Nakumbuka kikombe kikiwa kimetulia mezani na Lydia akiwa chini, anajaribu kufunga mdomo na mdomo haufungi.

Waliposema ni pombe, nilikubali kwa haraka sana.

Ijumaa 8 Agosti

Winfred ameniambia neno kwa mara ya kwanza. Zablon alikuwa nje akipokea maji kutoka kwenye lori la boza. Alisimama mbele yangu na sinia, akaongea bila kusogeza midomo. Amesikia familia ya bosi wangu inarudi Riyadh Jumamosi ya wiki ijayo na mimi nitarudi na gari peke yangu. Anataka kufika ubalozini kule Riyadh. Zablon humfungia kufuli akitoka, lakini asubuhi saa mbili huenda kuchukua sukari na mlango wa nyuma bawaba zake zimeoza.

Nilimwambia asubuhi hiyo nitamngoja nyuma ya bakala, duka la pale mtaani. Akapita na sinia kwa mtu aliyefuata.

Nilijisikia mtu mwema. Nilijisikia mwema sana hata nikanywa vikombe sita, na njiani, nimemshika Protus bega, nikamweleza jinsi mimi nilivyo tofauti na wengine.

Jumamosi 9 Agosti

Nimekumbuka nilichomwambia Protus. Nimempigia. Ameapa kwa mama yake kwamba hatasema.

Jumanne 12 Agosti

Sijanywa tangu Ijumaa. Unyevu umezidi, kuta zinatoka maji.

Jumamosi 16 Agosti

Naandika kwenye korido ya hospitali. Mkono wangu wa kulia umevimba, herufi zitakuwa mbaya.

Jana nilikwenda Aziziya saa nane mchana. Sikwenda kunywa. Nilitaka tu nionekane, Zablon asishuku. Sikuwa nimeonja kwa siku saba na kichwa changu kilikuwa safi kama maji.

Walikuwa wamekaa watano. Hakuna kikombe kilichokuwa kikizunguka. Wote walitazama ukuta. Nilinusa kitu kama nywele zikiungua, na ile harufu tamu ya mtungi unaochemka. Nikamtazama Protus, naye akainamisha uso. Nikajua.

Winfred alikuwa nyuma ya plaiwudi, amekaa sakafuni, mikono yote miwili ameinyoosha mbele kama mtu anayebeba mtoto. Kuanzia viganja hadi viwiko ngozi ilikuwa imetoka kama soksi. Zablon alikuwa amemtia mikono ndani ya sufuria ya kupikia na kumshikilia. Hakuwa akilia. Meno yalikuwa yakigongana. Aliniangalia na nikaona anajua ni nani aliyesema.

Zablon alikuwa akifagia chini. Aliniambia, kwa sauti ileile ya upole, kwamba hanilaumu, pombe humfanya mtu aseme.

Nilirudi mbele. Niliwaambia wale watano wainuke. Walidhani nawaambia tuondoke, wakainuka. Nikashika ubao wa juu wa benchi kwa mikono miwili nikaung'oa. Misumari mitatu ilibaki kwenye ubao. Zablon alikuja mlangoni na ufagio.

Pigo la kwanza lilimpata shingoni. Alishtuka tu, kama mtu aliyeitwa jina. La pili lilimpata usoni na msumari ukaingia chini ya jicho, ikabidi nivute. Alipiga magoti. Alishika ubao kwa mkono nikamvunja vidole. Aliniomba kwa Kiswahili, halafu kwa Kikisii, na nilimwelewa vizuri katika lugha zote mbili. Nilimpiga mgongoni, mbavuni, kichwani. Nilikuwa nikichagua. Nataka niandike hili wazi: nilikuwa nikichagua mahali. Na ndani yangu kulikuwa kimya na raha, ile raha ya mtu anayekunywa maji baada ya safari ndefu. Nilikuwa nimeisikia mara moja tu kabla ya hapo, jikoni Kitale.

Hakuna aliyenizuia. Wale watano walisimama na mikono mifukoni, kama walivyozoea kukaa.

Niliacha kwa sababu Winfred alikuwa amesimama mlangoni, mikono mbele.

Elly, yule wa sikio, alisema tumfungie ndani, tuondoke, mafi, hakuna mtu atakayeuliza habari za mlinzi. Wengine wakakubali. Mimi pia nilikubali moyoni. Zablon alikuwa akitoa povu jekundu puani.

"Mpakieni," Winfred alisema. "Akifia hapa, nitakayeulizwa ni mimi."

Tulimpakia kiti cha nyuma cha gari la Baba Talal. Protus alishika miguu, kisha akaondoka akikimbia. Winfred alikaa mbele. Taa zote zilikuwa nyekundu. Mikono yake ilikuwa ikidondosha maji kwenye gauni na hakuweza hata kujifunga mkanda, nikamfungia. Nilimwambia nisamehe. Alitazama mbele mpaka hospitali.

Jumapili 17 Agosti

Zablon amezinduka. Polisi wamekuja na mkalimani. Nilikuwa nimejiandaa kusema ni mimi, nimefua na shati. Nilimkuta mkalimani akitoka kwa Zablon, akaniambia halas, yamekwisha, ameeleza yote. Eti alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi juu ya mbao zenye misumari. Hataki wakaguzi waje ukumbini. Kuhusu Winfred, ameandikwa maji ya moto, ajali ya jikoni.

Nilifungua mdomo. Afisa alinipiga bega akanishukuru kwa kuwaleta wagonjwa. Nikaufunga.

Baba Talal yuko Riyadh na familia tangu jana. Nilimpigia kuhusu damu kwenye viti. Amesema viti huoshwa, Mungu anilipe kheri, na kwamba atawahadithia ndugu zake msikitini juu ya dereva wake.

Jumatatu 18 Agosti

Hawakuniruhusu kumwona Winfred. Polisi wamepitia majina, hana ikama, aliyekuwa kafili wake, yaani mwajiri, alisharipoti kwamba ametoroka. Akipona kidogo atapelekwa tarhil na kurudishwa nyumbani. Muuguzi Mkenya, Rispah, ameahidi kunipa habari. Ananiita shujaa. Nilimwomba aache.

Jumatano 20 Agosti, Riyadh

Nilifika jana. Nimeosha gari mara nne. Mirriam alinisaidia bila kuuliza, kisha akauliza, nikamwambia. Aliweka ndoo chini akaingia ndani. Tangu jana chakula changu anakiacha dirishani.

Jumanne 26 Agosti

Rispah amepiga. Winfred amesafirishwa, mikono imefungwa bandeji hadi mabegani, vidole viwili havitakunjuka tena. Nikauliza kama aliacha ujumbe.  Winfred alimpigia kutoka kwao, akasema niambiwe amefika, na nisimtafute, na kwamba mimi na yule mwingine hakuweza kututofautisha.

Ijumaa 29 Agosti

Protus alinipigia mchana. Zablon yuko ukumbini tena. Jicho moja halioni na anaongea upande mmoja wa mdomo. Wamepiga ubao mwingine. Leo walikuwa saba. Zablon amesema hana kinyongo na kwamba kiangazi kijacho nafasi yangu ipo. Protus alisema hivyo kwa furaha, kama mtu anayeleta zawadi. Nilimsikia nyuma yake mtu akicheka na vikombe vikigongana.

Nilikata simu nikampigia Lydia. Nilimweleza yote tangu mwanzo, vikombe vyote, yale mapigo kumi na moja niliyohesabu, niliyomwambia Protus, sufuria, ubao.  Nilipomaliza aliniuliza jambo moja tu.

"Siku uliyompiga huyo mtu, ulikuwa umekunywa?"

Nilijua ni kwa nini anauliza. Nikisema ndiyo, kuna mchungaji, kuna wazee, kuna siku za kuhesabu upya, na iko siku nitalala nyumbani kwangu. Alinipa muda. Nadhani alitaka niseme ndiyo.

"Sikuwa nimeonja," nilisema. "Na ile Jumamosi yetu, Mama Shirleen, pia sikuwa nimelewa."

 Nikasikia akivuta pumzi kupitia lile taya, kuna kimlio kidogo hutoka.

"Nilikuwa najua," alisema. "Basi usije Desemba, Baba Shirleen. Usije kabisa."

Hakukata kwa hasira. Aliiweka simu mezani bila kuizima, na nilimsikia akitembea, akifungua kabati, akimwita Shirleen aje ale. Shirleen akauliza ni nani alikuwa anapiga. Lydia akamwambia anawe mikono, chakula kinapoa.